Taarifa ya Makarius Kuhusu Bonde la Nyarukoma

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Reverien, mdogo wake, nawasomea maisha ya kaka yetu Makarius Ntahena, aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1962 katika bonde la Nyarukoma, wilayani Kibondo, ingawa hati zake zinasema Kagerankanda, na sababu mtaisikia.

Mama yetu alizikwa Nyarukoma mwaka 1971, miaka mitatu baadaye tukahamishiwa kijijini Kagerankanda, huku Kasulu, ambako ndiko tulikoandikishwa, Makarius akamaliza darasa la saba mwaka 1977, akasomea misitu, na mwaka 1986 akaajiriwa Kibondo kuwa bwana misitu, kazi aliyoipenda kupita kiasi, hata shemeji yetu Esperance, aliyefunga naye ndoa tarehe 8 Septemba 1990 na kumzalia watoto wanne, alizoea kusema kwamba yeye ni mke mdogo tu, mke mkubwa ni msitu.

Mwaka 2018 aliteuliwa katika kikosi cha kupendekeza maeneo ya kufanywa hifadhi ya taifa, akapangiwa Nyarukoma, akaikuta miti yetu ya mivumu bado imesimama kwa mduara, na kila Muha hapa anajua kwamba mivumu haijipangi hivyo, hupandwa kuzunguka boma, lakini kwa kuwa bonde lenye makazi ya zamani lingeachwa nje ya mpaka na kumalizwa na wachoma mkaa, aliandika, "Hapajawahi kuishi mtu," akatia sahihi. Bonde likapona.

Tangu hapo askari wa hifadhi walimpigia simu mara kwa mara, kwamba ndani ya mivumu ile uwanja umefagiliwa, wala hakuna nyayo, naye alipotusimulia tulimcheka, jambo ninalolijutia sana.

Alistaafu mwaka 2022, akaugua moyo Novemba 2024, akafariki hospitalini Kasulu tarehe 3 Machi 2025, akiwa ametuomba jambo moja tu, azikwe kando ya mama. Tuliomba kibali, tukajibiwa kwa upole kwamba hakuna boma wala kaburi katika bonde hilo, na taarifa yake mwenyewe ikaambatishwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, wenzake wa misitu, pamoja na askari wa hifadhi, waliotupigia simu leo asubuhi kutuarifu kwamba katikati ya mivumu limechimbwa shimo, urefu wa mtu mzima, na udongo wake bado mbichi.

Kaka, lile hatukulichimba sisi. Letu ni hili hapa, tulilolichimba jana kwa mikono yetu, tunakusihi ukae humu, upumzike kwa amani.