Taa ya Dirishani

Hebu fumba macho kidogo, ukione kibaraza cha kinyozi. Kimeinuka ngazi mbili kutoka barabarani. Pana benchi la mbao lililowekewa kipande cha kigae chini ya mguu mmoja ili lisiyumbe, kioo kilichotundikwa kwenye msumari, na jiko la mkaa lenye birika la kahawa. Mbele ya kioo, povu limemjaa kidevuni, amekaa mlinzi mstaafu wa ghala la saruji. Kijiweni huitwa Jenerali, ingawa silaha aliyoizoea maishani ni tochi. Benchini yupo mpiga taipu anayewaandikia watu barua za maombi, na kwa kuwa barua zake zote huanza na “kwa heshima na taadhima”, watu humwita Wakili. Mashine yake ameipakata kama mtoto mwenye homa. Anayenoa wembe ni kinyozi mwenyewe, na jina lake la kijiweni ni hilohilo, Wembe. Ni Jumanne asubuhi. Wembe hana raha nyumbani tangu Jumamosi, na kisa ni filamu.

Filamu ilioneshwa alasiri, katika ukumbi wa video ulio nyuma ya duka la misumari. Mji umetekwa na adui. Dada mmoja, karani wa simu, anawapeleleza maadui kwa siri. Anapendana na mhandisi wa madaraja ambaye askari wanamsaka. Wamewekeana ishara: taa ikiwaka dirishani kwa yule dada, mhandisi asije, kuna hatari. Taa ikiwa imezimwa, aje. Mwishoni taa imezimwa, mhandisi yumo chumbani, askari wanavunja mlango, risasi inalia. Imekwisha. Tangu hapo mtaa mzima umegawanyika.

Njiani kurudi nyumbani, mke wa Wembe alimuuliza:

— Unadhani alimpenda kweli?

— Ampende wapi! Alimsaliti. Si uliona taa imezimwa?

Mkewe hakugomba. Laiti angegomba! Tangu siku hiyo maneno yake ni matatu: “Chakula kipo mezani.” Tena kahawa ya kijiweni, ambayo yeye ndiye aliyekuwa akiichemsha kila asubuhi, sasa anaichemsha Wembe mwenyewe, na inanuka masizi.

— Jamani, nipeni jibu la kupeleka nyumbani mchana huu, Wembe alisema. Alimpenda au hakumpenda?

— Alimsaliti, Jenerali alijibu kupitia povu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelinda ghala miaka ishirini na miwili. Taa ikizimika, ujue kuna mtu wa ndani.

— Hilo nilishamwambia. Ndilo lililonifikisha hapa.

— Basi ulimwambia bila kukazia.

Wakili aliisogeza mashine yake.

— Tatizo lenu hamjui taratibu za kazi. Mpelelezi hana mpenzi, ana faili. Yule dada alikuwa zamu. Kucheka, zamu. Kulia, zamu. Hata lile busu la kituo cha treni lilikuwa na nakala mbili.

— Kwa hiyo nimwambie mke wangu mapenzi ni zamu?

— Mwambie kwa heshima na taadhima.

— Wee, unataka nilale nje?

Wembe alikwangua shavu la kushoto la Jenerali, akasimama tena, wembe hewani. Jenerali aliutazama kwa jicho la pembeni.

— Malizia upande huu kwanza, bwana. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Inahusiana nini na ndevu?

— Kila kitu. Sasa sikilizeni, maana jana nimefikiri sana. Mnamkumbuka mwenye nyumba alikopanga yule dada, yule bibi mwenye paka? Yule paka hakulia filamu nzima. Mabomu yanalia, yeye kimya. Paka gani huyo? Ni paka aliyepewa mafunzo! Yule bibi ndiye mkuu wa majasusi, na paka ndiye aliyeizima taa. Kwa mkia.

— Kwa mkia?

— Nimeona paka wa ghalani wakifanya makubwa kuliko hayo.

— Acha hizo, Wakili alisema. Mafuta yaliisha. Wakati wa vita mafuta ya taa yanapatikana wapi? Taa ilijizimikia yenyewe. Hakuna aliyemsaliti mtu, wa kulaumiwa ni muuza mafuta. Penye miti hapana wajenzi.

— Wajenzi wametokea wapi tena?

— Mhandisi si mjenzi?

Wembe alishusha pumzi. Alijaribu kujiona anaingia nyumbani, anavua viatu, anasema: “Mke wangu, nimeshauriana na wenzangu, ni paka.” Akatikisa kichwa.

— Fundi viatu anasema yule dada alimpenda mpaka kufa, alisema taratibu.

— Fundi viatu! Jenerali aliruka, povu likamdondokea gotini. Alikuja ukumbini? Hakuja! Asiyekuwepo na lake halipo. Hana haki ya kutia neno hapa.

— Hapo umenena, Wakili aliafiki. Sisi tulikuwepo.

Ndipo mke wa Wembe alipopanda zile ngazi mbili. Ni mshonaji, utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni, na mkononi alishika suruali aliyompunguzia Jenerali. Kijiwe kizima kikakaa wima kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu.

— Shemeji, karibu! Jenerali alisema. Hapa tulikuwa tunasuluhisha ile filamu.

— Nimewasikia tangu kwenye kona. Mpaka paka nimemsikia. Suruali yako hii.

Aliiweka benchini, akakunja mikono polepole.

— Nina swali moja tu. Ile taa ilizimwa na nani?

— Na yule dada, Jenerali alisema.

— Ulimwona?

— Tuliiona imezimwa.

— Sikuuliza kama ilikuwa imezimwa. Nauliza, mliuona mkono wa nani?

Jenerali alimtazama Wakili. Wakili aliitazama mashine yake. Wembe alitazama povu.

Hakuna aliyeuona. Wanaume wa kijiwe hiki wana desturi: wapenzi wakianza kunong'onezana kwenye filamu, wao huinuka na kutoka nje. Ilianza zamani, kwa heshima, siku Wembe alipojikuta ameketi safu moja na mama mkwe wake. Mama mkwe alishahamia mbali, lakini desturi ilibaki. Hutoka, hupiga soga ukutani, na risasi ikilia ndipo hurudi mbio. Risasi ndiyo kengele yao.

— Aliiwasha, mkewe alisema. Yule dada aliiwasha mapema, akaisogeza kwenye kioo cha dirisha mpaka pazia likaanza kuungua, ili mwenzake aione akiwa mbali. Na mwenzake akaiona. Akapanda juu hivyohivyo. Akaizima yeye, kwa vidole vyake, akasema, “Nimekuja nikijua.” Nikageuka nikuambie kitu, mume wangu. Nikakuta kiti kitupu.



— Asiyekuwepo na lake… Wakili alianza kunong'ona.

— Nyamaza, Jenerali alimkata.

Mke wa Wembe alifunua birika, akanusa, akaimwaga kahawa yote mtaroni.

— Haya ni maji ya kuoshea brashi, alisema. Akateremka ngazi, birika mkononi, bila kuaga.

— Amechukua birika, Wakili alisema. Hiyo ni dalili njema au mbaya?

— Inategemea, Jenerali alijibu, macho yakianza kung'aa. Mtu hachukui birika bila mpango. Tuseme analirudisha kabla ya saa nne, hapo…

Wembe hakuisubiri nadharia. Hakujua anakwenda kusamehewa au kusemwa. Alijua tu kwamba neno la nne huko nyumbani, lolote lile, lingekuwa kali. Akaukunja wembe, akauweka kando ya kioo, akavua aproni, akamfuata mkewe kwa hatua ndefu.

— Na ndevu zangu? Jenerali aliita, shavu moja jeupe kwa povu lililokauka.

Alikaa hivyo mpaka saa sita, akiwaeleza wapita njia habari za paka.

Nakuomba ukumbuke kitu kimoja tu. Siku ukiwakuta watu wanabishana nani aliizima taa, usikimbilie kuchagua upande. Waulize kwanza, kwa upole, ni nani kati yao alikuwa amebaki kitini.