Kikopo Kilichopoa Njiani

Bi Efrazia Dotto anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuinamia hadubini: minane katika zahanati moja ya Magindu, Kibaha, na iliyobaki hapa kwenye maabara yetu Kisarawe. Wanaosema ni mkali hawajakosea. Ila wengi hawajui ukali huo ulianzia wapi.

Mwaka 2014 tuliletewa vikopo vya choo kutoka Marui, ambako watoto wa shule moja walikuwa wakiharisha wiki ya tatu. Vilikuja kwa pikipiki, vikafika vimepoa. Bi Efrazia alipima, akaandika "Hakuna vimelea", akasaini. Watoto wakatibiwa homa ya matumbo. Mmoja wao, Naila wa darasa la pili, akazidi kukonda mpaka sketi yake ikawa inafungwa kwa kamba.

Mama yake, Rukaya, alikuja mwenyewe na fomu mkononi. Hakugomba.

"Shikamoo mama. Mmeandika hana kitu. Sasa mbona ananiishia mikononi?"

Swali hilo lilimuuma Bi Efrazia. Alifunga kwenye khanga hadubini ya zamani, ile inayotumia kioo na mwanga wa jua, tukaenda naye Marui. Akaiweka kwenye dirisha la darasa, akawa anapima choo kikiwa bado na joto. Siku ya kwanza hakuona kitu. Ya pili vilevile, na Naila alikuwa hanyanyuki tena mkekani. Mimi nilishaanza kumwona mbishi tu. Siku ya tatu vikaonekana: giardia, vimelea vyenye vijimkia, vikiogelea kwa kuyumbayumba. Havitoki kila siku, na choo kikipoa huacha kuogelea, jicho likavipita.

Dawa ilibadilishwa siku hiyohiyo, na Naila akapona. Chanzo kilikuwa maji ya kisima. Yalitiwa klorini, kwa hiyo hakuna aliyeyachemsha, kumbe giardia huistahimili.

Tangu hapo kila kikopo kinaulizwa saa kilipojazwa. Mgonjwa mmoja, Mzee Mbaraka, aliapa chake kimetoka sasa hivi. Bi Efrazia akakigusa, akamwambia chai aliyopitia kunywa ilikuwa ndefu, akamrudisha nyumbani.

Ile fomu aliyokuja nayo Rukaya aliibandika ukutani, juu ya meza yake. Jina la mtoto alilifuta kwa kalamu nyeusi, saini yake akaiacha. Wiki iliyopita alitaka kuibandua aondoke nayo. Tumemkatalia.

Bi Efrazia, asante kwa macho yako. Kapumzike, ule vizuri, na maji uchemshe. Fomu inabaki ukutani, na saa tutaendelea kuuliza.