Kompyuta ya Bridgit Imepasuka Tena

Pale Kongo, mtaani Kawangware, Nairobi, barabara inapokata kona kuelekea kanisa la mabati, kuna benchi lililotengenezwa kwa mlango. Mlango huo ulikuwa wa kinyozi aliyehama Januari, siku zile za moshi baada ya uchaguzi, na hakurudi tena. Mutuku muuza kahawa aliuokota, akaupigilia miguu minne, na kitasa hakukitoa, kwa hiyo mgeni akikaa vibaya lazima aruke. Mutuku wanamwita Daktari kwa kuwa kahawa yake ya tangawizi, kwa maneno yake mwenyewe, inatibu kila kitu isipokuwa ndoa. Ambrose wanamwita Waziri: tangu wakubwa walipopeana mikono mwezi wa pili na kuanza kugawana vyeo, anaweka simu yake juu ya goti, eti watampigia. Wakoli, fundi wa mawe, bado hajafanya ujinga wa kutosha kupewa jina. Kamati hiyo ndiyo aliyoikuta mwalimu Mwongeli alasiri moja ya Aprili, akiwa na kompyuta iliyopasuka ndani ya kiondo.

— Niaje, mwalimu, alisema Waziri akisogea. Epuka kitasa.

Mwongeli alikiepuka, akakaa ukingoni kama mtu anayengoja kuitwa na karani. Alikuwa amemtafuta Wakoli tangu watoto walipotoka shule siku hiyo.

— Baba Bridgit, imepasuka tena. Hii ni mara ya tatu.

Wakoli, baba yake Bridgit, aliweka kikombe chini.

Kompyuta hizo ndogo zilitolewa na wafadhili, moja kwa kila mtoto wa darasa la saba, ya kwenda nayo nyumbani. Ikiharibika, Mwongeli hutuma ujumbe wa simu. Mtambo ulioko ofisini kwa wafadhili unajibu wenyewe, unamwita fundi wenyewe, unaandika jina la mtoto wenyewe. Jina likifika mara tatu, unaagiza wenyewe mtoto anyang'anywe, isipokuwa chanzo kielezwe. Idadi hiyo aliichagua Mwongeli, alipokuwa bado chuoni akifanya mazoezi ya kazi katika ofisi hiyo. Wakati huo tatu ilionekana idadi ya huruma.

— Mtambo unataka kujua chanzo, alisema. Nisipojibu kabla ofisi ifungwe jioni hii, kesho wanaichukua, na Bridgit hapewi ingine.

— Huyo mtoto hachezi na hiyo kitu, alisema Wakoli. Anaipangusa na kitambaa ya kanisa. Anasema akimaliza shule anataka kuwa kama wewe.

— Namjua. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza.

Waziri alikuwa tayari ameifungua kompyuta mapajani mwake. Kioo kilikuwa na ufa uliopinda kama kipande cha duara, mahali pale pale palipopasuka mara mbili za kwanza.

— Hiyo ni joto, alisema Daktari huku akimimina. Mchana mabati inaivisha, usiku baridi inaingia. Hata glasi ya chai hupasuka hivyo.

— Darasa zima linalala chini ya mabati, alisema Mwongeli. Imepasuka ya Bridgit peke yake.

— Basi ni panya, alisema Waziri. Panya wa hapa si wa mchezo.

— Panya apasue kioo kwa duara?

— Ameona mwenzake mle ndani, akataka kumsalimia. Panya wa Kongo ni mtu wa watu.

— Mimi nashuku ile mnara ya simu, alisema Daktari. Tangu iwekwe, hata maziwa inaganda mapema. Mtambo unaita kutoka ofisini, mnara inapitisha, kompyuta inasikia jina lake usiku, inashtuka.

— Wacheni niwaambie ukweli, alisema Waziri, na sauti ikawa ya mkutano. Tangu Desemba, mashine yoyote ya kuhesabu katika nchi hii ina shida. Labda imepasuka mara moja tu, mtambo ukatangaza tatu.

Walicheka, lakini kwanza kila mmoja aliangalia ni nani anapita.

— Tuunde tume, alisema Daktari.

— Mimi mwenyekiti, alisema Waziri. Na gari ya tume inalala kwangu.

Mwongeli alitazama saa kwenye simu yake, akaitazama tena kana kwamba ya kwanza ingeweza kuwa na makosa.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mwenye begi kubwa la miraba begani, limefungwa kwa kamba.

— Sasa. Mimi naitwa Sella, natoka Soweto West, kule Kibera. Nimeambiwa kuna nyumba iko wazi hapa nyuma.

— Mwenye nyumba anarudi saa hii hii, alisema Daktari. Kaa, mama. Epuka kitasa.

Sella alitua begi, likalia. Alifungua kamba atafute kikombe chake, akatoa kwanza sufuria iliyokuwa juu, akaipakata. Chini yake palikuwa na blanketi, na juu ya blanketi sufuria ilikuwa imeacha alama ya masizi, duara lililokolea.

Mwongeli aliangalia lile duara kwa muda.

— Dada, naomba hiyo sufuria.

Aliiweka juu ya kioo, taratibu, kama anayepima nguo ya mtu. Ukingo wa sufuria ukaufuata ufa karibu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyetaja panya.

— Baba Bridgit, kompyuta inalala wapi?

Wakoli aliangalia kulia, akaangalia kushoto.

— Kwa begi.

— Begi gani?

— Ya kutoka mbio, kukiwaka tena. Kompyuta ndiyo inaingia kwanza, kwa sababu ni mali ya shule. Halafu vyeti, halafu nguo. Sufuria inakaa juu. Naikanyaga na goti ndio kamba ikaze.

— Kila usiku?

— Kila usiku. Asubuhi natoa, anaenda shule. Nilimwambia asiambie mtu.

Mwongeli hakuuliza kwa nini. Januari, aliyeonekana akifunga begi aliulizwa amesikia nini, na amesikia kwa nani. Afadhali mtoto aitwe mharibifu.

— Yaani wewe bado? alisema Waziri. Na amani ilitiwa sahihi, tukaona kwa TV.

— Begi yako iko wapi, Waziri? aliuliza Wakoli.

Waziri alijikuna shingo.

— Yangu ni ndogo.

— Yangu mnaikalia, alisema Daktari, akagusa chini ya benchi kwa mguu. Kitu laini kikajibu.

Mwongeli aliandika haraka: imebanwa na sufuria ndani ya begi. Kabla hajashusha mkono, mtambo ulijibu. *Asante. Je, chanzo kimeondolewa? Jibu NDIYO au HAPANA.* Swali hilo pia alilitunga yeye. Alikuwa ameliona ndilo rahisi kuliko yote.

— Ukijibu hapana? aliuliza Wakoli.

— Wanaichukua.

— Andika ndiyo. Leo sufuria naitoa, nitaibeba kwa mkono.

— Inauliza chanzo, baba Bridgit. Haiulizi sufuria.

Sella, ambaye alikuwa akipuliza kahawa yake, aliinua macho.

— Kwani hapa watu wanafungua begi lini? Nataka nijue kama nitafungua yangu.

Wakoli alitazama mikono yake. Waziri aliitoa simu gotini, akaitia mfukoni. Daktari aliinamisha birika juu ya kikombe cha Mwongeli, yakatoka matone mawili na machicha.

— Imeisha, alisema.

Nyuma ya mlango wa chumba cha Mwongeli kulikuwa na begi lenye shahada yake na jozi ya viatu vya kukimbilia. Hakuwahi kumwambia mtu. Aliandika NDIYO, akakagua tahajia ya herufi zile tano, akatuma.

*Kesi imefungwa. Fundi ataleta kioo kipya.*

— Bridgit atabaki nayo, alisema.

Wakoli aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayepokea jiwe zito. Mwongeli akamrudishia Sella sufuria yake. Sella akaipangusa kwa leso, akaiweka begini juu ya blanketi, kwenye duara lake, akakaza kamba.