Emmett Vrabel, wa Nne Kutoka Kushoto

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika leo Jumamosi, tarehe 4 Novemba 2023, familia ya Vrabel inawashukuru kwa kuja, na inaomba mvumilie kuyasikiliza maisha ya Baba yetu hadi mwisho, hata pale patakapokuwa pagumu. Historia hii imeandikwa na inasomwa na binti yake mdogo, Marnie, ambaye amezikagua tarehe na saa zote kwa vyeti, kwa daftari la Baba na kwa simu za majirani, kwa sababu tangu Jumanne mengi yamesemwa hapa Kessler Mills, na si yote yaliyotokea.

Marehemu Emmett Joseph Vrabel alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, nyumbani kwa wazazi wake hapa Kessler Mills, Pennsylvania, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Stefan Vrabel, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Pauline, ambao wote wawili walikwishatangulia.

Alianza shule ya msingi Septemba 1963 na kumaliza sekondari Juni 1975, na walimu wake walimkumbuka kwa kazi ya mikono kuliko kwa vitabu. Oktoba 1969, akiwa na miaka kumi na miwili, alitengeneza mifupa ya mtu kwa nyaya za kutundikia nguo na magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga, akaisimamisha ndani ya stoo ya makaa ili imtishe bibi yake siku ya Halloween, jioni ya kutishana na kugawa peremende, na bibi alipofungua mlango aliipiga kwa koleo mpaka kichwa kikaanguka, kisha akavaa miwani, akainama kuikagua, akamwambia, "We mtoto, ukitaka kunitisha nitishe vizuri, huyu goti lake linakunjika kwa nyuma kama la kuku." Tangu siku hiyo Baba hakukosea goti tena.

Tarehe 14 Julai 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha vioo cha mji huu, karakana ya kalibu za kumiminia vioo, ambako alifanya kazi mpaka kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Aprili 1999, kisha akawa fundi wa matengenezo katika shule yetu hadi alipostaafu tarehe 28 Juni 2019. Jioni alihamia gereji ya nyumbani, na huko, kwa mabomba ya plastiki, waya wa banda la kuku, mota za waipa alizozing'oa kwenye magari mabovu na mashuka aliyoyachovya kwenye chai ili yaonekane yametoka kaburini, alijaza ua wetu wa mbele kila Oktoba, bila kununua hata kitu kimoja kilichotengenezwa tayari, maana alisema cha dukani kinamtisha aliyekilipia tu.

Mchezo wa benchi, ambao karibu kila mtu aliyekulia hapa ameucheza, aliuanzisha mwaka 1979. Kwenye benchi refu kando ya njia ya kuingilia aliketisha sanamu tano zenye makoti ya gunia, glavu na vinyago, na wa sita alikuwa yeye mwenyewe, amevaa vilevile, kila mwaka mahali tofauti, na mtoto aliruhusiwa kuchagua mmoja tu na kumshika mkono. Akishika sanamu, alijichotea peremende kwenye ndoo na kwenda zake, lakini akimpata Baba, mkono wake ulibanwa, akapewa chokoleti kubwa, na kanuni ilimkataza kuwaambia wenzake. Saa mbili usiku, muda wa watoto ulipokwisha, Baba alisimama na kuvua kinyago mbele ya wote, kwa kuwa aliamini mtoto aliyetishwa ana haki ya kuuona uso wa aliyemtisha kabla hajaenda kulala.

Tarehe 31 Oktoba 1981, Arlene Stough, muuzaji katika duka la mikate, aliwaleta watoto wa dada yake, na yeye hakumshika mtu mkono, alisimama tu mikono kiunoni, akalitazama benchi, akasema, "Ni huyu. Jamani, maiti gani inavaa saa?" Watu walicheka sana hata Baba akavua kinyago kabla ya wakati, mara moja pekee katika miaka yote hiyo. Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 18 Juni 1983, wakajaliwa watoto wawili, Curtis, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1986, na Marnie, aliyezaliwa tarehe 21 Januari 1998. Tangu ndoa hiyo, kila Halloween, kabla ya kutoka nje, Baba alivua saa yake jikoni na kumpa Mama, akisema, "Shika, maiti haivai saa," na Mama alipofariki kwa saratani tarehe 12 Agosti 2017, aliyeipokea saa alikuwa Marnie.

Baba alianza kuugua moyo tarehe 16 Februari 2021, akalazwa siku tisa na kuwekewa vyuma vidogo vya kupanua mishipa. Krismasi ya mwaka huo wanawe walimnunulia saa inayohesabu mapigo ya moyo, na ambayo yenyewe hupiga simu kuita gari la wagonjwa mwenye nayo akizidiwa. Alilalamika, "Mnanifunga nesi mkononi," lakini aliivaa siku zote, hata bafuni, isipokuwa jioni moja kwa mwaka.

Jumanne, tarehe 31 Oktoba 2023, saa kumi na moja na dakika thelathini na tano jioni, alimpa Marnie saa hiyo jikoni na kumwambia maneno yaleyale, naye Marnie akacheka, akaiweka dirishani karibu na sinki. Baba aliketi wa nne kutoka kushoto. Watoto walianza kufika saa kumi na mbili kamili, na saa kumi na mbili na dakika kumi na nane alimbana mkono Josie Lisko, mwenye miaka saba, jambo tunalolijua kwa picha ya simu ya mama yake, na Josie, kama kanuni inavyotaka, hakumwambia mtu. Baada yake walipita watoto kumi na tisa, na hakuna aliyebanwa mkono.

Dakika arobaini na tano baada ya saa kumi na mbili, watoto walipokuwa wakinung'unika, jirani yetu Dale Horvat alivuka barabara na kusema, "Emmett, we mzee mchoyo, leo hutoi chokoleti?" Akavunja kanuni, akawashika mkono wote walioketi kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, na alipofika wa nne alisema, "Huyu ametengenezwa vizuri kuliko wote, hata ubaridi kaweka!" Kisha akatangaza kwamba safari hii Emmett amejificha ndani na kutuchezea sote, na watu waliokuwa uani wakapiga makofi. Wakaja mlangoni kumpongeza. Marnie, aliyekuwa akijaza peremende kwenye ndoo ya pili, aliwaambia yuko kwenye benchi, na Dale akajibu, "Hayupo, binti, nimewashika wote sita, wote sanamu."

Sanamu ni tano. Marnie alizihesabu mwenyewe asubuhi ile zilipotolewa gereji, na familia inasema hili kwa uwazi kwa sababu wapo wanaodai alikuwa anajua. Hakujua mpaka aliposikia neno sita.

Gari la wagonjwa lilifika saa kumi na mbili na dakika hamsini na tisa, na hospitalini ikathibitishwa saa moja na dakika thelathini na moja kwamba Baba amefariki, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Marnie alimuuliza daktari mara tatu kama saa ile ingemwokoa, na mara zote tatu daktari alijibu kwamba mshipa mkuu ulipasuka, na akaongeza, "Hata angekuwa amelala kwenye meza yangu ya upasuaji, nisingemuwahi." Familia inaliamini jibu hilo. Marnie anajaribu kuliamini kila siku.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia tangu mwaka 2021, wazima moto waliokuja na gari la wagonjwa, wenzake wa kiwandani na shuleni, na majirani mliotuletea chakula kingi kuliko meza zetu. Dale, uliyesimama mlangoni tangu ibada ianze, familia inakuomba uje mbele ukae nasi, ulimshika mkono kwa utani kama ulivyomtania miaka ishirini, na yeye angekusifu kwa kuhesabu wote sita.

Wazazi wa watoto kumi na tisa mmeuliza muwaambie nini. Waambieni ukweli, kisha waleteni. Jumanne Baba hakuweza kusimama na kuvua kinyago, na hakuwahi kumwacha mtoto alale bila kuuona uso wake, ndiyo sababu jeneza liko wazi, na anayetaka kumshika mkono anaruhusiwa. Hautabana. Mtaona pia hauna saa, kwani Curtis alitaka azikwe nayo, Marnie akakataa, kwa neno lile la Mama, maiti gani inavaa saa. Saa anaivaa Marnie sasa, na tangu Jumanne inamwonya kwamba moyo wake unakwenda mbio.

Tulia, Baba, upumzike. Saa tumeishika.