Rimu Tatu za Mwalimu Aregae

Wazee, wachungaji, walimu, wanafunzi na ninyi nyote mliokusanyika hapa shuleni, nawasalimu, ejok, familia imeniomba mimi Ekutan, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya Mwalimu Yohana Aregae, nami nitajitahidi kuwa mfupi kuliko alivyokuwa yeye kwenye paredi ya asubuhi.

Alizaliwa Katilu tarehe 1 Januari 1943, ndivyo kipande chake kinavyosema, ingawa mama yetu alishikilia hadi mwisho kwamba siku aliyozaliwa mvua ilinyesha mpaka mbuzi wakakataa kutoka, na Januari kwetu ni kiangazi, basi hilo tumwachie karani aliyeandika. Alianza shule Lodwar mwaka 1953, akahitimu ualimu Desemba 1964, na mwezi uliofuata akapelekwa Kataboi, kando ya ziwa, akafundisha huko miaka sita bila kujifunza kupenda samaki.

Tarehe 18 Desemba 1971, mahari ya mifugo ikiwa imekamilika, alifunga ndoa na Nawoi, binti wa kijiji cha Lokitoe, na Mungu akawajalia watoto watano, wote wako hai, wote wamepita mikononi mwake darasani na hakuna aliyependelewa.

Januari 1993, ukame ukiwa umewahamisha watu wengi na mifugo yao, ofisi ya elimu Lodwar iliamua kuunganisha shule tatu ndogo, za Lokitoe, Nakalalei na Naremiet, ziwe shule moja ya umma hapa kando ya barabara ya Kakuma, naye akateuliwa mwalimu mkuu. Kila shule ilikuwa na kengele yake, yaani rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na Jumatatu tarehe 11 mwezi huo marehemu akatundika moja tu, ile ya Lokitoe, kwa sababu ilikuwa na sauti kubwa, akasahau kabisa kwamba Lokitoe ni kwa wakwe zake. Kufikia Ijumaa vijiji viwili vilikuwa vimeondoa watoto wao, na ofisi ikasema watoto wasiporudi kabla ya muhula kuisha, shule itafungwa.

Hakujitetea, alikwenda kwa miguu Nakalalei na Naremiet, akakiri mbele ya wazee kwamba amekosea, akarudi na rimu zao begani, akazitundika zote tatu kwenye mgunga huu mnaouona. Likabaki swali la nani atazigonga na ianze ipi, wazee wakabishana siku mbili, mpaka Ater, kijana Msudani aliyekuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma kutusaidia hesabu, aliposema, "Mwalimu, mimi hapa sina kijiji, nipe mimi hiyo chuma ya kugongea." Watoto wakarudi, na tangu mwaka 1995 shule imekuwa kituo cha mtihani wa darasa la nane.

Agosti 1998 aligunduliwa kuwa na uvimbe kwenye ini, akalazwa Lodwar, kisha Eldoret, akarudi nyumbani mwezi wa Desemba akiwa amekonda sana. Wakati huo maneno yalizagaa kwamba akifa tu kila kijiji kitachukua rimu yake kiende kuanza shule yake upya, jambo lililomtesa kuliko ini, naye alimuuliza kwanza kila aliyeingia kumwona, "Rimu zote ziko?" Jumanne tarehe 9 Machi 1999, saa kumi jioni, alikunywa uji kidogo, akauliza tena, akajibiwa, akalala na hakuamka, na sisi tulioyaona maumivu yake tunasema bila haya kwamba tumeshusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji, walimu wenzake, na Mwalimu Ater, aliyepanda lori usiku kucha kutoka anakofundisha sasa ili awe nasi.

Leo asubuhi tuliomba mzee mmoja wa kila kijiji agonge rimu ya kwao kumuaga marehemu. Wazee walisimama chini ya mti, wakatazama juu, wa Naremiet akashika moja, wa Nakalalei akasema hiyo ni yetu, wa Lokitoe akasema hapana, wakamgeukia Ater, naye akacheka huku machozi yakimtoka, akasema hata yeye amesahau. Basi watoto wakazigonga zote.

Kaka, ulituuliza mara nyingi, leo tunakujibu mbele ya watu, zote ziko, na hatujui tena ipi ni ya nani. Pumzika kwa amani.