Wimbo wa Kilungu Umetokaje Nje?

Benchi la soko la Mukuyuni liko chini ya dirisha la studio ya kurekodi ya Muthama, ng'ambo ya barabara na akina mama wa sukuma wiki. Spika moja kubwa imefungwa juu yake kwa waya, na nyimbo nyingi za injili za sehemu hii zimelia hapo kabla ya kulia kanisani. Kasyoka huleta kahawa ya tangawizi kwa chupa yake ya bluu, na kelele huletwa na kila mtu. Lakini asubuhi hiyo kikombe cha Muthama kilipoa mkononi. Kwaya ya Kilungu, mteja wake mkubwa, ilikuwa izindue wimbo wake mpya Jumapili ijayo, na Jumapili iliyopita kwaya ya hapa Mukuyuni iliuimba wote, mwanzo hadi mwisho. Kathini, kiongozi wa kwaya ya Kilungu, alikuwa njiani. Akiudhika, kazi yote ingehamia studio ya Kitui, na Muthama alijua hana mwingine wa kulipa kodi ya chumba kile.

— Hiyo wimbo ulimtumia na nini? aliuliza Kamishna. Huyu ni mzee Nyamai, aliyekuwa karani wa chifu, na bado anahoji watu hata akinunua chumvi.

— Linki, mzee. Anafungua, anasikiza, ananiambia kama soprano zimetosha.

— Na hiyo linki inafunguliwa na nani?

Muthama alimwaga kahawa yake iliyopoa.

— Mwanzo ilikuwa mtu yeyote akiwa nayo.

— Asi! Kasyoka akaweka chupa chini. Umejenga choo hujaweka mlango!

— Lakini nilifunga siku hiyo hiyo! Nikaweka paswadi.

— Paswadi ulimtumia aje?

— Kwa hiyo meseji ya linki.

Waru alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Jina lake halisi ni Kang'ethe, muuza viazi, au waru kwa lugha ya kwao kule juu milimani, aliyekuja Mukuyuni kwa msimu mmoja akasahau kurudi kwao.

— Buda, hapo umefunga duka, kifunguo ukaacha kwa kufuli.

— Ngojeni basi! Kila mtu akifungua, jina yake inabaki. Nimeangalia. Ni Kathini peke yake amefungua.

Hilo lilikuwa gumu zaidi, na mambo magumu ndiyo chakula cha benchi lile.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Kamishna. Kwa hivyo mwizi yuko ndani ya joho za kwaya. Wavue, wakaguliwe mifuko, mmoja mmoja.

— Apana, alisema Waru. Hiyo faili inakaa wapi?

— Kwa mitambo ya ng'ambo.

— Si ndio hiyo! Imepitia Uchina. Sandali zinatoka huko, tochi zinatoka huko, sufuria pia. Wimbo ishindwe na nini? Wameitengeneza nyingine, wakaleta hapa soko, kwaya ya Mukuyuni ikanunua kwa bei ya kutupa.

— Enyewe ile yao ilikuwa nyembamba kidogo, alikiri Kasyoka. Muthama, wachana na linki. Weka wimbo kwa flashi, flashi kwa unga, unga kwa mtungi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa hivyo kata pia unaficha.

— Na mhuri wa chifu juu, alisema Kamishna.

Kamishna alipotaka kufikiri zaidi, alianza kugonga kikombe kwa kijiko na kuvuma: "Kisima chetu hakikauki, mwamba umetoa maji..." Waru akamtilia besi bila kuombwa. Ng'ambo ya barabara, mama mmoja wa sukuma wiki, anayeimba kwaya ya hapa Mukuyuni, alipokea sauti ya kwanza huku akikata mboga, wala hakuinua macho.

— Kamishna, hapo kwa "mwamba" usishuke sana, alisema Muthama bila kujua amesema.

Alipogeuka, Kathini alikuwa amesimama nyuma yake, mkoba begani. Muthama aliruka kama aliyekalia kaa la moto.

— Mama, karibu! Nimepanga kila kitu. Linki yako itafunguka na simu yako tu. Paswadi nitakupigia, sitaandika. Na siku ya tatu linki inakufa.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Kamishna alimsaidia.

Kathini hakumwangalia Muthama. Aliangalia benchi, kisha mama wa sukuma wiki, kisha benchi tena.

— Na nyinyi, alisema polepole, nani aliwatumia linki?

Kamishna, ambaye hakuwahi kukosa methali maishani, alichungulia kikombe chake. Waru alifunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa tayari. Muthama aliinua macho taratibu hadi kwenye spika. Kila jioni alikuwa akilifungua dirisha, akiupiga wimbo hapo na kuuliza, "Sikizeni hapa, besi imekaa?" Kwake wimbo haukuwa tayari mpaka utingishe kichwa cha Kasyoka. Aliona aibu, aibu ya kweli, na bado aliyapenda masikio yale.

— Mama, ni mimi, alisema. Si linki. Ni mimi.

Kathini alivuta pumzi. Akamgeukia Kasyoka.

— Hapo kwa kiitikio. Ilikutingisha?

— Mwaitu, mama! Mpaka kitambaa ya kichwa ilianguka kwa kahawa.

Midomo ya Kathini ilitaka kucheka, akaizuia.

— Sawa. Jumapili tutazindua ile wimbo ya pili unayomalizia. Hiyo hawajaisikia?

Wote wakamtazama Muthama.

— Bado, mama. Ilikuwa nipige leo jioni.

— Shusha hiyo spika.

Muthama alipanda juu ya benchi, akafungua waya, akamkabidhi. Kathini aliikumbatia na kuelekea steji ya matatu za kwenda Kilungu.

— Wimbo ukiisha, niletee mwenyewe, alisema bila kugeuka. Spika utaipata tukishazindua.

Kasyoka alitikisa chupa. Kahawa ilikuwa imeisha. Kisha Waru, kwa kusahau tu, akaanza kupiga mbinja ile "Kisima chetu", na mikono mitatu ikamfunga mdomo.