Nukta ya Kijani ya Chumba cha Ramani

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, Idara ya Maji itaagana na fundi wake wa kompyuta baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake lipo kwenye faili. Sisi tunamwita Ngoja Kidogo, kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila aliyempigia simu kulalamika, awe mkurugenzi au mlinzi wa geti. Na kweli, ukingoja, mashine inapona.

Alianza kazi kwa kuvuta nyaya juu ya dari, akishuka na utando wa buibui kichwani. Ndiye aliyefunga kompyuta ya chumba cha ramani, inayoendeshwa na mfumo uitwao Unix, ambayo siku hizi tunaiita Kikongwe. Aliyekabidhiwa kuitumia alikuwa mchora ramani mmoja, dada mcheshi, mkali wa rangi. Basi Kikongwe akawa anaugua kila Jumatatu, na fundi haondoki chumbani. Baada ya harusi yao hakuugua tena kwa miaka mingi. Wenye macho tulielewa.

Chumba kile kina desturi yake. Mchoraji akifunga kazi jioni huweka nukta ya kijani pale alipoishia kuchora bomba. Atakayeendelea huifuta kwanza, ndipo achore. Mke wa Ngoja Kidogo aliweka nukta yake Ijumaa moja, akaenda hospitali kupimwa kifua, hakurudi tena. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuendeleza kipande chake.

Baadaye ulikuja mfumo mpya, mabomba yote yakahamishiwa huko. Nukta si bomba, ikabaki ndani ya Kikongwe. Haukupita muda kadi yake ya picha ikaungua, kioo kikawa hakionyeshi ila maandishi meupe. Kadi nyingine ilipatikana, lakini kadi bila draiva, ile programu inayoifundisha kompyuta kuitumia, ni bubu. Kampuni iliyoitengeneza ilishafungwa, na draiva zilizobaki mtandaoni zilikuwa za Unix za kisasa. Kikongwe alizikataa moja baada ya nyingine.

Moja ilijaza kioo mistari ya zambarau, mhasibu akaomba ashonewe gauni la rangi hiyo. Nyingine ilileta ramani juu chini, mto unapanda mlima, kisha kioo kikazima kabla Ngoja Kidogo hajaiona nukta. Tulicheka, naye akacheka. Halafu akaweka kiganja juu ya kioo, kama mtu anayempima mtoto homa, akakiacha hapo. Tukarudi kwenye meza zetu.

Shemeji yake, fundi redio, alimwambia aachane na hayo, aliyekwenda harudishwi kwa waya. Akajibiwa angoje kidogo. Hakuwa akitaka muujiza. Nyumbani alikuwa na picha za mkewe na kanga zake, lakini kazi ya mwisho ya mikono yake ilikuwa humu ofisini, hatua chache kutoka kiti chake, na hakuweza kuiona. Alitamani tu kujua aliishia wapi.

Mwezi uliopita, fundi mstaafu wa ng'ambo, waliyejuana kwenye jukwaa la wapenda mashine za zamani, aliikuta draiva inayomfaa Kikongwe kwenye diski stoo kwake, akaituma kwa posta. Kumbe kisomaji cha diski cha Kikongwe nacho kilikuwa kimekufa. Aliyekuja na kingine, kimepanguswa vumbi na kutiwa grisi, alikuwa shemeji yuleyule.

Asubuhi ile kioo kiliwaka kwa rangi zake zote. Nukta ilikuwa katikati ya mtaa wa nyuma ya soko, mahali pasipo na lolote la maana. Ngoja Kidogo alikaa akiitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasogeza kiti, akaifuta kama sheria ya chumba inavyotaka, akachora bomba hadi mwisho wa mtaa. Mstari umepinda, maana yeye si mchoraji. Pale mwisho akaweka nukta yake.

Ahsante, Ngoja Kidogo, kwa kila mashine uliyoifufua na kila simu uliyoipokea bila kununa. Nenda kapumzike kwa afya na amani, na sasa wengine wakungoje wewe. Kikongwe tutamwacha akiwa amewashwa. Wachoraji wamekwisha kubaliana: mtaa ule umekamilika, hakuna wa kuuendeleza, kwa hiyo hakuna wa kuifuta nukta yako.